Umefunga Akaunti ya Kadi, Bado Unadaiwa? Jinsi ya Kupinga Ada Zisizo za Haki

Umelipa deni lote la kadi yako ya mkopo. Umeenda benki, ukasema unataka kufunga akaunti, wakakujibu "sawa, hakuna shida". Umefika nyumbani ukaikata kadi kwa makasi. Kwako wewe, hiyo hadithi imeisha.

Miezi sita baadaye uko Malaba, unaomba mkopo wa kuongeza stoki kabla ya msimu wa mahindi kuanza. Jibu linakuja: ombi limekataliwa. Ukiuliza sababu, unaambiwa jina lako liko CRB. Aliyelipeleka huko ni ile benki uliyoagana nayo, na deni ni shilingi elfu nne na kitu. "Lakini mimi nilimaliza kulipa! Hii deni inatoka wapi?"

Tunalisikia swali hili kutoka kwa wateja wanaolipa kadi zao kupitia simu. Wengine wanakasirika na kukataa kuzungumza na benki kabisa. Wengine wanalipa haraka haraka ili wapate mkopo. Njia zote mbili zinaweza kukuumiza. Katika makala hii tunaeleza ni ada zipi una haki ya kupinga, unazipinga vipi, na kwa nini kulipa tu ili yaishe si suluhisho.

Kulipa, kukata kadi na kufunga akaunti ni mambo matatu tofauti

Kadi ya mkopo ni ile inayokuruhusu kutumia pesa ya benki kwanza, halafu ulipe baadaye. Si kama kadi ya kawaida ya ATM inayokata pesa iliyoko kwa akaunti yako. Kwa hivyo nyuma ya ile plastiki kuna akaunti ya mkopo, na akaunti hiyo ina maisha yake.

Ukilipa deni lote, umefanya salio kuwa sifuri siku hiyo. Akaunti bado iko wazi. Ukikata kadi, umeharibu plastiki tu. Akaunti bado iko wazi. Hata ukimwambia mhudumu kwa mdomo kwamba unataka kufunga, kama hakuandika ombi lako kwenye mfumo, akaunti bado iko wazi. Na akaunti iliyo wazi inaendelea kutozwa ada ya mwaka, na mara nyingine bima au ada ya meseji.

Akaunti imefungwa pale tu benki inapokupa barua au ujumbe rasmi unaosema: akaunti namba fulani imefungwa tarehe fulani, na salio ni sifuri. Karatasi hiyo moja ina nguvu kuliko maneno yote mliyosemezana pale kaunta.

Ada ipi ni halali, ipi unaweza kupinga?

Tuseme ukweli: si kila ada inayokuja baada ya kufunga ni wizi. Kabla hujaandika malalamiko, panga ada zako katika mafungu mawili.

Hizi zinaweza kuwa halali:

- Riba ya siku za katikati. Stetimenti inatoka tarehe fulani, wewe unalipa siku kadhaa baadaye. Kama ulikuwa unabeba deni kutoka mwezi hadi mwezi, riba iliendelea kuhesabiwa katika hizo siku. Inatokea kwenye stetimenti inayofuata, na wengi hushtuka.
- Manunuzi yaliyochelewa kufika. Ulinunua kitu leo, lakini muuzaji akatuma hesabu yake benki siku tatu au nne baadaye. Kama ulikinunua kweli, ni deni lako hata kama umeshafunga.

Hizi una kila sababu ya kuzipinga:

- Ada ya mwaka iliyotozwa baada ya tarehe uliyoomba akaunti ifungwe.
- Malipo ya kujirudia, kwa mfano ya filamu za mtandaoni au programu ya simu, uliyokwisha kuyasimamisha na bado yakaingizwa.
- Bima ya kadi iliyoendelea kukatwa wakati kadi haipo tena.
- Faini ya kuchelewa kulipa ada ambayo haikufaa kuwepo tangu mwanzo.
- Ada yoyote ambayo hukuwahi kuelezwa ulipofungua akaunti wala kujulishwa ilipoanzishwa.

Hapa sheria iko upande wako. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji na kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Benki, katika kipengele cha 44, inakataza benki kupandisha viwango vya ada zake bila kibali cha Waziri. Na kipengele cha 44A, kilichoanza kutumika mwaka 2007, kinaweka ukomo kwa deni lililoharibika: riba haiwezi kuzidi deni lenyewe lililokuwepo siku lilipoharibika. Kama deni lilikuwa KSh 4,000, riba itakayoongezwa juu yake haipiti KSh 4,000, ukiacha gharama za kulifuatilia. Hakuna deni linaloruhusiwa kukua milele.

Tupige hesabu kwa mfano

Chukua mfano wa mama anayeuza maharagwe na mahindi Busia. Alikuwa na deni la KSh 20,000 kwenye kadi. Riba ya benki yake ni asilimia 3 kwa mwezi, yaani KSh 600, au KSh 20 kwa siku. Stetimenti ilitoka, naye akalipa zile KSh 20,000 kwa simu siku tisa baadaye. Siku hiyo hiyo akapeleka barua ya kufunga akaunti.

Miezi miwili ikapita. Benki ikamtoza ada ya mwaka, KSh 3,000. Kwa kuwa hakuilipa, ikaongeza faini ya KSh 500 kila mwezi kwa miezi mitatu. Sasa anadaiwa hivi:

- Riba ya siku tisa: KSh 180
- Ada ya mwaka: KSh 3,000
- Faini tatu: KSh 1,500
- Jumla: KSh 4,680

Kati ya hizo, ile anayoweza kudaiwa kwa haki ni KSh 180 peke yake. Na angalia jambo moja. Tangu mwaka 2020, Benki Kuu ya Kenya iliweka kiwango cha KSh 1,000 ambacho deni likiwa chini yake halipelekwi CRB kama deni baya. KSh 180 haingemfikisha huko kamwe. Ni ada alizotozwa kimakosa ndizo zilizomvusha hicho kiwango. Ndiyo sababu ukipinga ada hizo hupiganii ile elfu nne pekee. Unapigania jina lako.

Mpakani kuna shida zake

Ukikaa Busia au Malaba, kuna mambo matatu yanayofanya tatizo hili liwe kubwa zaidi.

La kwanza ni laini mbili. Wateja wetu wengi wa huku wana laini ya Kenya na ya Uganda, na wengine hukaa wiki nzima kwa ile ya Uganda kwa sababu ndiyo wateja wao wanaipiga. Kabla ya kupeleka jina lako CRB, mkopeshaji anatakiwa kukupa taarifa siku 30 mapema. Hiyo taarifa mara nyingi inakuja kwa meseji, kwa namba uliyoandikisha ulipofungua akaunti. Kama laini hiyo iko kwenye droo, meseji inakuja, siku zinaisha, na wewe hujui lolote. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza pia kufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Hapo taarifa yako inasomwa na mgeni.

La pili ni pesa mbili. Ukitumia kadi ya benki ya Kenya Tororo au Kampala, unalipa kwa shilingi ya Uganda. Muuzaji anakata leo, lakini benki yako inaweza kuingiza muamala siku kadhaa baadaye, kwa kiwango cha kubadilisha cha siku hiyo pamoja na ada ya kubadilisha pesa. Kwa hivyo ukirudi safari Jumatatu na kufunga akaunti Jumanne, usishangae kitu kikitokea Ijumaa. Tunza risiti ya Uganda. Ulinganishe kiasi cha shilingi ya Uganda kwenye risiti na kile kilichoandikwa kwenye stetimenti. Kama vinalingana, deni ni lako, kilichobaki ni kuuliza ada ya kubadilisha ilihesabiwa vipi. Kama havilingani, una la kupinga.

La tatu ni serikali mbili. Kama akaunti ilifunguliwa kwa tawi la Kenya, malalamiko yakishindikana yanaenda Benki Kuu ya Kenya, hata kama ulinunua vitu Uganda. Kama akaunti ilifunguliwa Tororo au Busia ya Uganda, unaelekea Benki ya Uganda, ambayo ina miongozo yake ya kuwalinda wateja wa fedha tangu mwaka 2011. Usipoteze wiki ukilalamika upande usiofaa wa geti.

Hatua za kupinga, moja baada ya nyingine

Hatua ya 1: Kusanya ushahidi kabla hujapiga simu.

Unahitaji stetimenti ya mwisho kabla ya kufunga, na stetimenti zote zilizotoka baadaye. Tafuta barua ya kufunga akaunti, au angalau tarehe, tawi na jina la mhudumu aliyekupokea. Kama ulilipa kwa simu, tafuta meseji ya malipo yenye kodi ya muamala, namba ya Paybill, na namba ya akaunti uliyoandika. Ulifuta meseji? Usijali. Omba stetimenti ya miamala ya simu kwa kampuni yako, muamala uko pale.

Kagua ile namba ya akaunti kwa makini. Kosa la tarakimu moja linaweza kupeleka malipo yako kwa mtu mwingine, na hapo tatizo lako si ada bali ni malipo yaliyopotea njia.

Hatua ya 2: Andika. Usiishie kupiga simu.

Simu ni nzuri kwa kuuliza, lakini haiachi alama. Andika barua au barua pepe, na ukipeleka kwa tawi, nenda na nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa tarehe na unarudi nayo. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Barua isiwe ndefu. Hii hapa unaweza kuitumia:

"Kwa Meneja wa Tawi,

YAH: KUPINGA ADA BAADA YA KUFUNGA AKAUNTI YA KADI

Mimi ni mwenye akaunti ya kadi inayoishia na tarakimu (andika nne za mwisho). Tarehe (andika) nililipa salio lote la KSh (andika) kwa muamala namba (andika). Tarehe (andika) niliomba akaunti hii ifungwe.

Baada ya tarehe hiyo nimetozwa: (orodhesha kila ada, tarehe yake na kiasi chake).

Ninapinga ada hizi kwa sababu zilitozwa baada ya ombi langu la kufunga akaunti. Ninaomba: (1) ada hizi zifutwe pamoja na faini zote zilizotokana nazo, (2) nipewe barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefungwa na salio ni sifuri, (3) kama taarifa yangu imepelekwa CRB, irekebishwe kama kosa na nipewe uthibitisho.

Ninaambatanisha nakala za ushahidi. Naomba jibu kwa maandishi kupitia namba na anwani zifuatazo."

Weka hapo namba ya simu unayoitumia kila siku, si ile iliyo kwenye droo. Usiandike namba nzima ya kadi, na usiandike PIN popote.

Hatua ya 3: Kama tatizo ni la muuzaji, taja hivyo mapema.

Ikiwa aliyekukata ni duka au programu ya mtandaoni, benki yako inaweza kudai pesa hiyo kutoka benki ya muuzaji kupitia mtandao wa Visa au Mastercard. Lakini dirisha lake linafungwa. Kwa aina nyingi za madai ni siku 120, na benki yako inahitaji kupata malalamiko mapema zaidi ili iwahi kuyashughulikia. Onyesha pia kwamba ulisimamisha huduma hiyo: barua pepe ya kusitisha, au picha ya skrini yenye tarehe.

Hatua ya 4: Angalia ripoti yako ya CRB.

Kenya ina kampuni tatu zenye leseni ya kazi hii: Metropol, TransUnion na Creditinfo. Una haki ya kupata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka kutoka kwa kila moja. Iombe hata kama hujakataliwa mkopo. Soma mistari yote: nani amekuweka, kiasi gani, tangu lini.

Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi kwa CRB yenyewe, si kwa benki tu. Ukishapinga, ripoti yako inawekewa alama kwamba taarifa hiyo inapingwa, ili mkopeshaji mwingine akiisoma ajue si jambo lililothibitishwa. CRB inarudi kwa benki kuuliza, na benki inatakiwa kuthibitisha au kurekebisha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inakupa haki ya kudai taarifa za uongo kukuhusu zirekebishwe, na unaweza kulalamika kwa Kamishna wa Data ukipuuzwa.

Hatua ya 5: Panda ngazi.

Benki ikikaa kimya au ikikupa jibu lisiloeleweka, peleka faili yako Benki Kuu ya Kenya. Watakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa benki yenyewe, ndiyo maana ile nakala yenye muhuri ni dhahabu. Si lazima usafiri mpaka Nairobi. Malalamiko unaweza kuyatuma kwa maandishi, na tawi la Benki Kuu lililo karibu na Busia liko Kisumu. Kama shida ni kupotoshwa kuhusu gharama, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pia hupokea malalamiko ya watumiaji.

Mwisho kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kusikiliza madai yasiyozidi KSh milioni 1. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Uliza kwa registri ya mahakama ya Busia utaratibu ukoje.

"Si ni elfu nne tu? Acha nilipe yaishe"

Tunaelewa. Lori linangoja, bei ya mahindi inapanda, na mkopo unahitajika leo. Lakini fahamu hili kabla ya kulipa.

Ukilipa deni lililoko CRB, rekodi haipotei. Inabadilika tu kuwa "limelipwa", na historia kwamba uliwahi kushindwa kulipa inaweza kubaki hadi miaka mitano tangu siku ulipolipa. Mkopeshaji wa kesho ataiona. Lakini ada ikithibitishwa kuwa ilikuwa kosa, rekodi inatakiwa kurekebishwa, kwa sababu hujawahi kushindwa kulipa. Kati ya "alilipa akiwa amechelewa" na "hakuwahi kudaiwa" kuna tofauti ya miaka mitano ya kukataliwa au kupewa limiti ndogo.

Kwa hivyo, kama ni lazima ulipe haraka, fanya hivi. Lipa ile sehemu unayokubali, kama zile KSh 180 za mfano wetu. Kama wanakataa sehemu na huwezi kungoja, lipa yote lakini tuma barua siku hiyo hiyo: "Ninalipa kiasi hiki bila kukubali kwamba ninadaiwa, na ninaendelea kudai kirudishwe na rekodi irekebishwe." Barua hiyo inazuia benki kusema baadaye, "Alilipa mwenyewe, maana yake alikubali."

Na usifanye kinyume chake, yaani kunyamaza. Deni la benki likipitisha siku 90 bila kulipwa linahesabiwa kuwa limeharibika. Ukinyamaza, kila siku inahesabiwa dhidi yako.

Sisi tunaweza kukusaidia wapi?

Tunaweza kukupa stetimenti kamili ya miamala yako ya simu, inayoonyesha siku, saa, kiasi na namba ya Paybill iliyopokea. Tunaweza kuthibitisha kwamba malipo yalifika kwa benki au hayakufika. Na kama ulikosea namba, tuambie mara moja, kabla aliyepokea hajatumia pesa.

Hatuwezi kuirudisha pesa ambayo benki imeshaipokea kwa akaunti sahihi. Hatuwezi kufuta ada ya benki. Na hatuwezi kutoa jina lako CRB kama si sisi tuliolipeleka.

Na kama ada unayopinga ni yetu? Sheria ni ile ile. Mkopo wa simu au overdrafti haifi kwa sababu umeacha kutumia laini. Deni linafuata kitambulisho chako, si kadi ya simu. Kabla ya kuacha laini, maliza mkopo, omba uthibitisho kwamba salio ni sifuri, kisha omba akaunti ifungwe. Ukiona tumekutoza visivyo, tuandikie, na usiporidhika na jibu letu una haki ya kwenda Benki Kuu ya Kenya kama vile ungefanya kwa benki yoyote. Kumbuka pia kwamba tangu agizo la Mamlaka ya Ushindani la mwaka 2016, huduma za fedha kwa simu zinatakiwa kukuonyesha gharama kabla hujakamilisha muamala. Isome kabla ya kuweka PIN.

Jihadhari na "watu wa kufuta CRB"

Mtu aliyekataliwa mkopo ni windo rahisi. Utapigiwa simu, au utaona tangazo: "Tunakutoa CRB leo leo, tuma elfu mbili." Hakuna mtu wa nje anayeweza kufuta rekodi yako. Inarekebishwa na mkopeshaji aliyeipeleka pamoja na CRB yenyewe, baada ya kuthibitisha. Anayekuomba PIN, namba ya siri iliyokuja kwa meseji, au picha ya kitambulisho ili "aingie kwa mfumo" ni tapeli. Kata simu.

Vilevile, wanaodai deni hawaruhusiwi kukutishia au kukutukana. Kwa wakopeshaji wa kidijitali, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza wazi vitisho, matusi, na kupigia watu walio kwenye orodha ya simu yako ili kukuaibisha. Ikitokea, hifadhi meseji na uandike saa ya simu. Ni ushahidi.

Unapanga kufunga akaunti wiki hii? Fanya hivi

1. Simamisha kwanza malipo yote ya kujirudia yanayotumia kadi hiyo.
2. Acha kutumia kadi kwa wiki mbili hivi, hasa kama umetoka Uganda, ili manunuzi yote yafike.
3. Uliza benki kwa maandishi: "Nilipe kiasi gani leo ili nimalize, riba ya mpaka leo ikiwemo?" Jibu lao ndilo kinga yako dhidi ya ile riba ya siku za katikati.
4. Lipa kiasi hicho na uhifadhi meseji ya malipo.
5. Peleka barua ya kufunga, nakala igongwe muhuri.
6. Sasisha namba ya simu na barua pepe kabla ya kuondoka.
7. Usiondoke bila ahadi ya barua ya salio sifuri, na uirudie usipoipata.
8. Baada ya miezi miwili, omba stetimenti moja zaidi. Baada ya miezi mitatu au minne, omba ripoti ya CRB.

Weka karatasi hizo zote kwenye bahasha moja, na upige picha kila moja ubaki nayo kwa simu. Hazina uzito, hazili chakula, na siku utakapoulizwa "hii deni inatoka wapi?", hutabaki ukiapa tu kwamba ulilipa. Utatoa bahasha.

Je, umeona ada usiyoielewa kwenye malipo uliyofanya kupitia kwetu? Fungua programu, nenda kwenye Historia, uguse muamala huo kisha uchague "Ripoti tatizo". Au mwone wakala wetu aliye karibu nawe akuonyeshe jinsi ya kupata stetimenti. Stetimenti yako ni yako, iombe.